Mti wa Shimba na Mshale Wenye Shabaha

Msomaji mpendwa, katika bara ya Mombasa, upande wa Kisauni, uko mtaa uitwao Magogoni. Jina kama hilo liko Dar es Salaam, na liko Unguja pia, na kila sikio la Mswahili likilisikia hukumbuka magogo. Gogo ni mti uliolala chini. Wazee wetu walilitazama gogo wakatoa methali: bandu bandu huisha gogo. Methali hii ina nyuso mbili. Kwa mfanya kazi ni faraja, kwa kuwa kazi kubwa humalizwa kwa mapigo madogo yasiyokoma. Kwa mtumiaji wa mali ni onyo, kwa kuwa hata gogo kubwa, likibanduliwa kila siku, siku moja halitakuwapo. Nataka nikusimulie habari ya mti mmoja wa ujirani wako, ambao nyuso zote mbili za methali hii zilidhihirika juu yake.

Ukitoka Magogoni ukavuka daraja la Nyali, ukakata kisiwa, ukapanda feri ya Likoni, kisha ukashika njia ya kusini na kupinda kwenda Kwale, utaanza kupanda vilima vya Shimba. Joto la pwani hupungua, na msitu husimama kando ya njia. Humo huishi palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Humo hububujika chemchemi ya Marere, ambayo maji yake yamepelekwa Mombasa kwa mabomba. Pembezoni mwake wanaishi Wadigo, watu wa Mijikenda, ambao kwa vizazi vingi wamechuma msituni dawa zao na kuzitunza kaya zao. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya taifa. Miongoni mwa miti yake umo mmoja mdogo, usio na fahari, ambao wataalamu wa mimea waliuita Maytenus buchananii. Siku hizi wengi huuandika Gymnosporia buchananii. Ni wa ukoo mmoja na miraa, ambayo bila shaka unaijua. Mti huo mdogo umo katika historia ya dawa za saratani.

Ili uielewe historia hiyo yafaa kwanza uijue saratani. Mwili wako umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Kila seli ina kazi yake, huzaa nyingine kwa kujigawa panapo haja, na hufa saa yake ikifika. Saratani ni uasi wa seli. Seli moja huacha kuitii amri ya mwili. Hujigawa bila haja na bila kikomo, na watoto wake hurithi ukaidi huo. Hufanya uvimbe, kisha baadhi yao husafiri kwa njia ya damu wakaweka makao mapya katika ini, mapafu au mifupa. Kisu cha daktari huweza kuuondoa uvimbe ulio mahali pamoja, na mionzi huweza kuuunguza. Lakini uasi ukiisha kuenea, panahitajiwa silaha iwezayo kufika kila pembe ya mwili, nayo ni dawa ipitayo katika damu.

Taabu ya dawa hizo ni kwamba hazimjui adui kwa sura. Humjua kwa tabia yake moja tu, nayo ni kujigawa upesi. Ole wake raia mwema mwenye tabia hiyo hiyo! Seli za mizizi ya nywele hujigawa upesi, na ndiyo sababu mgonjwa hupukutika nywele. Seli za kinywa na utumbo hujigawa upesi, na ndiyo sababu hutapika na kuhara. Seli za uboho, zinazotengeneza damu, hujigawa upesi, na ndiyo sababu mgonjwa hudhoofika na kushikwa na maradhi mengine. Daktari hujikuta kati ya mambo mawili: akitoa dawa kidogo, saratani haifi, akitoa nyingi, mgonjwa huenda asistahimili.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich, mganga na mwanasayansi wa Ujerumani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa ameona jambo moja katika maabara. Rangi za nguo zikimwagwa juu ya seli, nyingine hushika seli za aina moja na kuziacha za aina nyingine. Akajiuliza: ikiwa rangi yaweza kuchagua, kwa nini sumu isichague? Akatamani dawa ambayo ingemwendea adui peke yake, akaiita risasi ya ajabu. Kwa ugonjwa wa kaswende alikaribia shabaha yake, kwa dawa ya Salvarsan iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Kwa saratani alifariki mwaka 1915 bila ya kuiona.

Sisi wa pwani tungeweza kumwazima Ehrlich mfano ulio bora kuliko risasi. Wawindaji wa nyika yetu, Wagiriama na Wawata, tangu zamani waliujua mti wa msunguti. Walichemsha kuni zake mpaka wakapata sumu nyeusi nzito kama lami, wakaipaka kwenye mshale. Mshale peke yake haukumwangusha ndovu, maana ulikuwa kama mwiba kwake. Sumu peke yake haikumwangusha pia, maana nani angeweza kumwendea ndovu akamnywesha? Lakini mshale na sumu vilipounganishwa, mmoja alijua njia na mwingine alijua kuua. Tena wawindaji hao hawakuiacha sumu wazi. Waliufunga mshale kwa utepe wa ngozi, ili sumu isikauke na isimdhuru mwenye podo. Yashike mambo hayo matatu, msomaji: mshale, sumu, na kifungo. Habari yote iliyobaki imesimama juu yake.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika vita vya saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Uvimbe huo, ambao sasa una jina lake, ulionyesha ajabu nyingine: baadhi ya watoto walipona kwa dawa peke yake, wakati ambapo madaktari wengi wa dunia walikuwa hawajaamini kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago kwa kazi hiyo. Na mojawapo ya dawa zilizotumika, vincristine, ilitoka katika ua la kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, ua ambalo hata leo hupandwa kwa urembo katika nyua za pwani.

Dawa kama hizo zilizotoka katika mimea ziliwatia watafiti hamu. Mwaka 1960 Marekani ilianzisha kazi kubwa: Wizara ya Kilimo ilikusanya mimea duniani kote, na Taasisi ya Taifa ya Saratani iliipima. Kutoka Ethiopia ulipelekwa mti mmoja wa jamii ya Maytenus. S. Morris Kupchan, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliuchambua pamoja na wenzake, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba wamepata ndani yake kitu kipya, wakakiita maytansine. Ilikuwa sumu kali mno. Katika vyombo vya maabara iliziua seli za saratani kwa kiasi kilichokuwa kidogo mara mia, au zaidi, kuliko vincristine. Hufanya kazi hivi: seli itakapo kujigawa hujenga nyuzi za protini mfano wa kamba za jahazi, ili izivutie mali zake pande mbili. Maytansine huzizuia kamba hizo zisijengeke, na seli hufa ikiwa katikati ya kujigawa.

Lakini mti wa Ethiopia ulitoa sumu hiyo kwa ubahili mkubwa, chini ya miligramu moja katika kila kilo. Watafiti wakatafuta miti ya jamii hiyo iliyo karimu zaidi, na mmoja wao ulikuwa mti wetu wa Shimba. Waandishi wa habari hizi wanasema kwamba ujuzi wa Wadigo, waliokuwa wakiutumia mti huo kwa uvimbe, ulisaidia kuwaongoza. Katika miaka ya 1970 zilivunwa katika vilima vya Shimba zaidi ya kilo 27,000 za mti huo, zikasafirishwa hadi Marekani. Fanya hesabu, msomaji. Mti wa Shimba ulitoa miligramu zisizozidi mbili kwa kilo. Basi tani zote hizo 27 zilikuwa na sumu isiyozidi gramu 54, kiasi cha vijiko vichache vya chai. Gogo lilibanduliwa sana. Imeandikwa kwamba miti yote mikubwa ya aina hiyo iliyoonekana mahali pale ilikatwa, na wakusanyaji walipotaka mavuno mengine miaka minne baadaye, waliona kwamba ni michache mno iliyochipua.

Na matunda yalikuwa nini? Maytansine ilipewa wagonjwa katika majaribio ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitapika, walihara, walilegea, na mishipa yao ya fahamu ikapata madhara. Nazo saratani chache tu zilinywea. Majaribio yakasimamishwa. Ungekuwapo wakati ule, msomaji, ungesema kwamba mti umekatwa bure. Lakini hitilafu haikuwa katika ukali wa sumu. Ilikuwa sumu isiyo na mshale, iliyomwagwa ndani ya mwili mzima.

Wakati huo huo mshale ulikuwa ukichongwa mahali pengine. Mwili wako, ukivamiwa na wadudu wa maradhi, hutengeneza protini ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo linaloshika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaa. Wakapata seli iliyorithi kwa wazazi wote wawili: ilitengeneza kingamwili ya aina moja tu, na ilizaa bila kikomo. Sasa mishale ya umbo moja iliweza kupatikana kwa wingi kadiri itakiwavyo. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Miongoni mwa mishale iliyofuata ilikuwamo trastuzumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Hiyo hushika protini iitwayo HER2, ambayo imejaa kupita kiasi juu ya seli za saratani ya matiti katika mgonjwa mmoja hivi kati ya kila watano.

Ikabaki kazi ya kifungo, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kifungo kikiwa dhaifu, sumu itaanguka njiani na kumdhuru mgonjwa. Kisipofunguka kabisa, sumu haitafanya kazi yake. Dawa ya kwanza ya namna hii iliyoruhusiwa Marekani, gemtuzumab ozogamicin ya saratani ya damu, ilitoka mwaka 2000, ikaondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu madhara yake yalionekana kuzidi faida yake, ikarudi mwaka 2017 kwa vipimo vipya. Usidhani, basi, kwamba njia ilikuwa nyoofu.

Hapo ndipo sumu ya Shimba iliporudi. Ravi Chari na wenzake wa kampuni ya ImmunoGen, katika jimbo la Massachusetts, waliona kwamba ukali ulioifanya maytansine ishindwe peke yake ndio uliohitajiwa kwa mshale, kwa kuwa mshale mmoja hauwezi kubeba mzigo mkubwa. Waliibadili kidogo ili ipate mahali pa kufungiwa, na mwaka 1992 wakatangaza kazi yao ya kuiunganisha na kingamwili. Baadaye sumu hiyo, sasa ikiitwa DM1, ilifungwa kwenye trastuzumab. Kila kingamwili hubeba, kwa wastani, chembe tatu na nusu za sumu. Hupita katika damu ikiwa imefungwa. Ikifika kwenye seli yenye HER2 nyingi, hushika. Seli huimeza, na kuipeleka katika mfuko wake wa kusagia chakula. Huko protini husagwa, na sumu hufunguliwa ndani ya nyumba ya adui. Seli ya saratani, kwa ulafi wake, hujimezea mauti yake yenyewe.

Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililokuwa na wagonjwa 991 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imekwisha kuenea. Waliopewa dawa hii waliishi, kwa kipimo cha mgonjwa wa katikati, miezi 30.9, waliopewa dawa nyingine za wakati huo waliishi miezi 25.1, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwao. Februari 2013 dawa iliruhusiwa Marekani. Mwaka 2018 jaribio lingine, la wagonjwa 1,486 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujaenea, lilionyesha kwamba baada ya miaka mitatu watu 88 kati ya 100 waliopewa dawa hii walikuwa hai bila ya saratani hiyo kurudi, na 77 kati ya 100 waliopewa trastuzumab peke yake. Mwaka 2022 ndugu ya sumu hiyo iliruhusiwa, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili nyingine, kwa saratani ya mfuko wa mayai. Si dawa isiyo na lawama: huweza kudhuru ini na kupunguza chembe za damu zinazogandisha. Lakini mshale umepata shabaha ambayo Ehrlich aliiota.

Sasa nakuomba usifunge kitabu kwa shangwe, maana ipo hesabu isiyokwisha. Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja Shimba. Je, mwenyeji amepona? Ilipoanza kuuzwa Marekani, dawa hii iligharimu dola 9,800 kwa mwezi. Piga picha ya mama wa Magogoni au wa Kwale mwenye uvimbe titini, ambaye jirani zake waliujua mti huo kabla ya maabara yoyote, akiambiwa bei hiyo. Tani 27 zilipoondoka, hapakuwako sheria ya mataifa iliyomtaka mgeni aombe ruhusa ya wenye ujuzi na kugawana nao faida. Mapatano juu ya uhai anuwai yalitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992. Kenya iliweka kanuni zake juu ya jambo hilo mwaka 2006. Mapatano ya Nagoya yalifanywa mwaka 2010 yakaanza kutumika mwaka 2014. Sheria ilifika, lakini ilifika baada ya shoka.

Labda utanijibu, kwa haki, kwamba dawa ya leo haitoki Shimba. Ni kweli. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda huko Japani waligundua kwamba viko vijidudu vinavyotengeneza sumu za jamii hiyo hiyo. Tangu hapo imekuwa rahisi kuzipata kwa kufuga vijidudu katika mapipa kuliko kukata msitu. Tena uchunguzi wa miaka ya 2010 juu ya miti ya ukoo huo umeonyesha kwamba vijidudu viishivyo mizizini mwake vina sehemu kubwa katika kuitengeneza sumu. Utasema, basi, kwamba mti haudai kitu. Nami nitakuuliza: nani angejua cha kutafuta ndani ya pipa, kama mti haukuonyesha kwanza? Na kama siri ilikuwa ya mti pamoja na wageni wake wa chini ya ardhi, ni hoja ya kuuchunga msitu zaidi, si ya kuupuuza. Aukataye mti huo hajui ni mkataba gani wa mizizini anaouvunja, wala ni dawa gani anayoichoma mkaa.

Mimi sisemi kwamba wageni wale walikuwa wezi. Walitafuta dawa ya ugonjwa unaoua watu wa kila taifa, na wako walio hai leo kwa sababu ya kazi yao. Nasema kwamba shukrani ni deni, na deni halifutwi kwa kusahau. Sehemu moja ya deni hilo ni juu yao wenye kampuni na serikali, wahakikishe kwamba dawa inamfikia yule aishiye karibu na mti. Sehemu ya pili ni juu yetu. Tukingoja wengine waje kutuambia mali iliyomo katika misitu yetu, tusilalamike wakiondoka nayo.

Basi, msomaji uliye katika darasa la Kisauni, Likoni au Changamwe, siku moja panda vilima vya Shimba ukautazame msitu huo kwa macho ya mwanafunzi. Muulize mzee wa Kidigo majina ya miti na kazi zake, uyaandike, na useme ni nani aliyekuambia. Jifunze kemia mpaka ujue kuunda kifungo, na elimu ya viumbe mpaka ujue kuchonga mshale. Kutoka kwa Ehrlich hadi dawa ya mwaka 2013 ilipita miaka mia moja na zaidi, na kila mtu katika safari hiyo alibandua kipande kimoja tu. Gogo la saratani bado ni kubwa, nalo lahitaji mikono mingi.